Komba wa Kenya Katika Vibonzo vya Kijapani

Nataka kuzungumza habari ya sanaa ambayo wazazi wengi wa mji wetu wa Nakuru huidharau na watoto wao huipenda mapenzi ya dhati, nayo ni sanaa ya vibonzo vinavyotengenezwa Japani kwa ajili ya televisheni, ambavyo vijana wetu, wakiwafuata Wajapani wenyewe, huviita anime.

Mzazi akimkuta mwanawe ameinamia simu usiku, akimtazama mvulana mwenye nywele za manjano zilizosimama wima ambaye anapiga kelele kwa lugha isiyojulikana nyumbani, aghalabu humwambia aache upuuzi akalale, na katika habari ya kulala mzazi huyo ana haki. Lakini katika habari ya upuuzi naomba kumpinga kwa heshima. Mtoto huyo wa gredi ya sita, wa Kaptembwo au wa Langa Langa, atakuhadithia bila kusita maisha ya Naruto, yatima wa kijiji cha Konoha aliyetengwa na wanakijiji kwa ajili ya mbweha mwenye mikia tisa aliyefungiwa mwilini mwake alipokuwa mchanga, jambo ambalo yeye hakulitenda wala hakulijua; atakueleza jinsi upweke ule ulivyomtia utundu ili apate walau kuonekana na kukemewa; na atakwambia kwamba mtu wa kwanza kumkubali alikuwa mwalimu wake, Iruka, ambaye wazazi wake mwenyewe waliuawa na mbweha yule yule. Hayo ni mambo ya kisasi na msamaha, na mtoto aliyeyafuata katika sehemu 220 za mfululizo wa kwanza na sehemu 500 za mfululizo wa pili amekaa na mtu mmoja, akimtazama anavyokua na kukosea na kujuta, kwa muda mrefu kuliko anavyokaa na mhusika wa kitabu chochote cha shuleni.

Nyuso za wahusika hao zimepigwa chapa katika fulana za mitumba zinazotandazwa sokoni, zimechorwa ubavuni mwa matatu, na vijana hubebeana hadithi zao katika flashi kutoka nyumba hadi nyumba. Wala si kwetu peke yetu. Mwaka 2025, vijana wa Madagascar walipoingia barabarani kuidai serikali yao maji na umeme, walibeba bendera ya maharamia wa mfululizo wa One Piece, wakalivua fuvu lililo katika bendera hiyo kofia yake ya asili na kulivika kofia ya Kimalagasi. Watu hawawakabili polisi kwa ajili ya bendera ya upuuzi.

Basi neno langu la jioni hii ni hili, kwamba uhai wa mhusika katika sanaa hii hutokana na muda aliopewa, na kwamba kuna mfululizo mmoja wa Kijapani ambao muda huo ulitolewa kwa nchi yetu wenyewe, nasi hatukuupokea.

Mnamo tarehe 12 Januari, 1992, kituo cha Fuji Television mjini Tokyo kilianza kuonyesha, kila Jumapili jioni, hadithi iliyotengenezwa na kampuni ya Nippon Animation, ambayo mahali pake ni Kenya, wakati wake ni mwaka 1964, na mnyama anayeibeba ni komba. Ilikwenda kwa sehemu 40, hata tarehe 20 Desemba ya mwaka huo huo ikafika mwisho. Asili yake ni kitabu kiitwacho The Bushbabies, kilichotolewa mwaka 1965 na William Stevenson, mwandishi wa habari aliyeijua Kenya ya wakati ule, na kisa chake, kama alivyokitunga, ni cha binti wa Kiingereza aitwaye Jackie Rhodes, ambaye baba yake ni bwana nyama, yaani mlinzi mkuu wa wanyama wa pori. Uhuru umekwisha kuja, kazi ya baba inakwisha, na aila nzima inasafiri kwenda Uingereza kwa njia ya bahari. Jackie anapanda merikebu bandarini Mombasa pamoja na komba wake aliyemlea tangu mdogo. Kisha anatambua kuwa hati ya kumsafirishia mnyama huyo imepotea, anashuka ili amnusuru, na merikebu inaondoka bila yeye. Ndipo anapokutana na Tembo, Mkenya aliyemtumikia baba yake kwa miaka mingi, na Tembo anakubali kumrudisha yule komba bara, katika pori alikozaliwa, ilhali nchi nzima inaambiwa kwamba Mwafrika huyo amemwiba mtoto wa Kizungu na polisi wanamsaka.

Wasikilizaji wangu, fikirini uzito wa kisa hicho. Mtu anafanya wema, na kila hatua ya wema wake inazidi kuwa ushahidi dhidi yake. Filamu ya watu halisi iliyotengenezwa mwaka 1969, ambayo Louis Gossett Jr. alikuwa Tembo, ilikitosheleza kisa hicho kwa muda wa kikao kimoja cha sinema. Wajapani walikipa takriban mwaka mzima. Wakamwongezea Jackie marafiki, Mickey na Kate, wakaongeza majangili wa kuwasumbua, na wakakubali kwamba kutembea kutoka mahali hadi mahali katika nchi kubwa kama hii ni jambo lenye njaa yake, vumbi lake na mazungumzo yake.

Na huyo komba tunaye hapa. Anayetembea usiku chini ya migunga ya manjano kandokando ya Ziwa Naivasha, au katika miti iliyolizunguka Ziwa Nakuru, akimulika tochi juu, ataona macho mawili mekundu yanayoruka kutoka tawi hadi tawi, nayo ni ya komba mdogo, mnyama anayetoshea katika kiganja cha mkono, alaye wadudu na utomvu wa migunga, na mwenye nguvu za kuruka juu zaidi ya mita mbili kwa mruko mmoja. Mwenyezi Mungu alikwisha kumpa komba macho ambayo wachoraji wa Japani huwapa watoto wote wa hadithi zao, na pengine ndiyo sababu mnyama huyo ambaye sisi tumezoea kumtaja kwa ulevi wake tu, alipata kupendwa mbali namna ile.

Macho hayo yana historia, na historia hiyo inaanza kwa Osamu Tezuka. Alizaliwa mwaka 1928, akalelewa katika mji wa Takarazuka, ambao ni mashuhuri kwa jamii ya waigizaji wanawake pekee, wanaocheza nafasi za wanaume na wanawake, na ambao hujipaka wanja na rangi hata macho yao yakaonekana makubwa kwa mtu aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi. Fauka ya hayo kijana huyo aliwapenda mno Wamarekani Walt Disney na ndugu wa Fleischer, akazitazama filamu zao tena na tena. Alisomea utabibu Osaka, akafuzu, kisha akauacha utabibu akashika kalamu. Tarehe 1 Januari, 1963, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, kazi ya karakana yake mwenyewe ya Mushi Production, nayo ikaendelea kila wiki mpaka mwisho wa mwaka 1966, jumla ya sehemu 193. Mhusika wake, Atomu, ni mtoto wa chuma. Daktari mmoja, Tenma, aliyefiwa na mwanawe katika ajali, anaunda roboti kwa sura ya marehemu, anampenda, kisha siku zikipita anaona kuwa mtoto huyo haongezeki kimo, anamchukia, anamuuza kwa watu wa sarakasi. Yamkini hakuna mzazi anayenisikia asiyetetemeka kwa baba wa namna hiyo, na hadithi hiyo ilitungiwa watoto.

Sasa nataka niingie kidogo katika ufundi, maana hapo ndipo penye siri. Filamu hupita mbele ya taa picha 24 kwa kila sekunde. Wachoraji wa Disney, wakiwa na fedha na miaka ya kungojea, walichora picha mpya kumi na mbili au hata ishirini na nne kwa sekunde hiyo moja, na mwendo wa wanyama wao ukawa laini kama maji. Tezuka alikuwa na wiki moja na fedha haba. Aliiuza kazi yake kwa bei iliyo chini ya gharama ili kituo cha televisheni kikubali kuinunua. Kwa hiyo akaamuru kila picha ikae katika fremu tatu, ndiyo kusema picha nane mpya kwa sekunde. Uso ukizungumza, kinywa tu ndicho kisogee. Mtoto akiruka angani, picha za kuruka kwake zihifadhiwe zitumike tena juma lijalo mbele ya mawingu mengine. Na panapohitajika huzuni, mhusika asimame asitikisike, upepo upite, mtazamaji ajaze mwenyewe kilichomo moyoni. Waliodhani kwamba kazi ya namna hiyo itaonekana maiti walikosea, kwa maana mtoto aliyekwisha kujua kwamba Atomu aliuzwa na baba yake hahitaji kuona mkono ukitikisika ili ajue kwamba analia.

Ila bei ile ya chini haikuwa bila madhara, nami sitaki kuisifu sanaa hii kwa kuficha jasho la waja. Kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa rahisi, ulibaki rahisi, na mpaka leo vijana wa Japani wanaochora picha za katikati, zile zinazounganisha pozi moja na la pili, hulipwa kidogo kwa kila karatasi na hufanya kazi mpaka usiku wa manane. Kijana wa Nakuru anayetamani kazi hiyo na ajue kwamba anasa iliyo katika kioo haikuwamo katika chumba ilikochorwa.

Mwaka 1965 Tezuka huyo huyo aliileta Afrika katika televisheni ya rangi ya Japani, kwa mfululizo wa Jungle Taitei, ambao shujaa wake, Leo, ni simba mweupe anayezaliwa merikebuni, akaogelea mpaka pwani, akajaribu kuwafundisha wanyama kulima ili wenye meno wasiwale wenye pembe. Ni hadithi nzuri ya amani, lakini Afrika yake ni ya ndotoni, na sina haja ya kukaa nayo.

Nirudi katika habari ya wahusika. Mfululizo mmoja huchorwa na mikono mingi, na mchoraji wa sehemu ya tatu huenda asionane kamwe na mchoraji wa sehemu ya thelathini. Basi kabla ya kazi kuanza, mtu mmoja mwenye dhamana ya sura huchora kila mhusika mbele, ubavuni na nyuma, akicheka, akikasirika, akiona haya, akisimama karibu na wenzake ili vimo vyao vijulikane, na karatasi hizo hugawiwa kwa wote ziwe sheria. Kisha mwongozi huchora hadithi nzima kwa visanduku vidogo, akiandika kando yake kila kisanduku kidumu sekunde ngapi. Kisha huja wachoraji wa pozi kubwa, na wa katikati, na wapaka rangi, na watu wa mandhari ambao kazi yao ni miti, milima, nyumba na anga tu. Mwisho huja wenye sauti, na hapo pana jambo la ajabu, kwamba wavulana wengi wa hadithi hizo husemewa na wanawake. Goku wa Dragon Ball, shujaa mwenye misuli anayepigana na miungu, tangu mwaka 1986 sauti yake ni ya bibi mmoja, Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936, naye ameendelea kumsemea hata baada ya mtunzi wake, Akira Toriyama, kufariki dunia mwezi Machi, 2024. Naruto naye husemewa na mwanamke, na Luffy, shujaa wa One Piece, vile vile. Sauti ya mvulana halisi huvunjika akifika balehe; sauti ya mwanamke mjuzi humngojea mhusika miaka arobaini.

Lakini mwenye kutaka kujua jinsi muda unavyoumba mtu, na autazame mfululizo wa mwaka 1974 uitwao Heidi, ulioongozwa na Isao Takahata, na ambao mpangaji wa picha zake alikuwa kijana aitwaye Hayao Miyazaki, ambaye leo dunia nzima inamjua. Kabla ya kuchora, watu hao walisafiri mpaka Uswisi. Walitazama nyumba za mbao zilivyojengwa, wakatazama majani ya malisho, wakatazama mbuzi wanavyopanda mwamba, wakarudi Japani na daftari zilizojaa. Hadithi ni ya yatima anayepelekwa mlimani kwa babu yake mkali asiyependa watu, na katika sehemu 52 hakuna vita wala jini. Kuna babu akiyeyusha jibini juu ya moto na kuipaka kwenye mkate, na mtoto akiitazama kwa macho ya njaa. Kuna kitanda cha nyasi kavu. Kuna Peter, mchunga mbuzi, akiwaita kwa mluzi asubuhi. Takahata aliamini kwamba mtazamaji akimwona mtoto akila, akilala, akifagia na kuteka maji, siku mtoto huyo atakapoondolewa mlimani na kupelekwa mji wa Frankfurt mtazamaji ataumwa kwa homa ile ile ya kukumbuka nyumbani, kwa sababu nyumba ile imekwisha kuwa yake. Naye hakukosea. Mtoto wa Baringo au wa Mau Narok, aliyeamka alfajiri kuwafungulia mbuzi huku umande ukimng'ata miguu, hana haja ya mkalimani katika hadithi hiyo ya Uswisi iliyochorwa na Wajapani.

Utaratibu ule ule wa Heidi, wa hadithi moja kwa mwaka mmoja kila Jumapili jioni, ndio Nippon Animation waliouendeleza miaka iliyofuata, na ndani ya utaratibu huo Kenya ikapata mwaka wake. Na hapa ndipo ninapotaka kuuliza kwa insafu, je, muda ule wa majuma arobaini alipewa nani?

Alipewa Jackie. Chumba tunachokijua ni chumba cha Jackie, hofu tunayoijua ni ya Jackie, na uchungu wa kuiacha Kenya ni uchungu wa mtoto anayeondoka katika nyumba ambayo baba yake alipewa na serikali iliyokwisha. Siulaumu uchungu huo, maana mtoto hana kosa la ukoloni, na Stevenson alimwandikia Tembo heshima ambayo waandishi wengi wa wakati wake hawakuijua. Tembo ni jasiri, ni mjuzi wa pori, ni mtu wa neno lake. Walakini fadhila zake zote zimepimwa kwa jinsi anavyomtendea mtoto wa bwana wake. Kisa kinaanza nyumbani kwa Jackie, hakianzi nyumbani kwa Tembo, na njia yote wanayopita tunaiona kutoka katika kimo cha binti wa miaka kumi na mitatu. Wajapani hawakuwa na njia nyingine ila kitabu kilichokuwa mkononi mwao. Sisi tulikuwa na njia nyingine, kwa kuwa tulikuwa na Tembo mwenyewe.

Mji huu wa Nakuru unajua upande wa pili wa wakati ule kuliko mji wowote. Tarehe 12 Agosti, 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama katika ukumbi wa mji wa Nakuru mbele ya walowezi waliokuwa wamejaa shaka na hofu, akawasihi wasikimbie, wasahau na wasamehe naye pia atasahau na kusamehe, wabaki walime. Wengine walibaki. Wengine waliuza mashamba, wakafunga masanduku, wakashuka Mombasa kama aila ya Jackie. Je, wapishi wao walifanyaje siku ile? Je, wale vijakazi waliolea watoto wa Kizungu mpaka wakazungumza Kiswahili kabla ya Kiingereza, na wale askari wa wanyama waliojua kila chemchemi kutoka Elmenteita mpaka Menengai, walisimama wapi gari lilipoondoka, wakarudi nyumbani kwa njia gani, wakawaambia nini jamaa zao? Hapo pana mfululizo wa majuma hamsini na mawili, na hakuna anayeweza kuuchora kwa haki kuliko mtu aliyezaliwa na wajukuu wa watu hao.

Wala asiniambie mtu kwamba sanaa hiyo hatuiwezi. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, sehemu 52 zilizotengenezwa Nairobi na vijana wa Homeboyz Animation wakishirikiana na Waingereza wa Tiger Aspect, kwa namna ya uchoraji aliyoianzisha Dar es Salaam marehemu Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills, hadithi ya zimwi lililompenda msichana wa Kimaasai. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, kutoka Dar es Salaam, wanawafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili fasaha na nyimbo. Mwaka 2023, katika mkusanyo uliopewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza filamu fupi ya Enkai, na Mganda Raymond Malinga akaongoza ya mchunga ng'ombe. Ustadi upo, na ghera ipo. Hizo lakini ni hadithi fupi, kila moja ikisimama peke yake, na mhusika wake hapewi nafasi ya kuchoka, kuugua, kukosa nauli, kuzeeka. Laiti tungempata mmoja wa kwetu, akakaa nasi mwaka mzima, Jumapili baada ya Jumapili, katika nchi tunayoijua.

Nawajua vijana wa mji huu wanaochora. Wengine wanasoma Egerton, Njoro, wengine hawakupata kusoma. Huchora nyuma ya daftari, huchora kwa kidole katika simu, na wenye kompyuta hutumia programu zisizouzwa, Krita na Blender, ambazo zina uwezo ambao Tezuka mwaka 1963 asingeuota. Nikitazama michoro yao naona mikono mizuri mno na naona barabara za Tokyo. Naona maua ya micheri ya Kijapani yakidondoka, naona sare za mabaharia zivaliwazo na wanafunzi wa kule, naona kila kitu ila pareto za Molo, ila vumbi jeupe la magadi lililokuwa likipeperushwa juu ya mji ziwa lilipokauka miaka ya tisini, ila maji yale yale yaliporudi kwa ghadhabu baada ya mwaka 2010 yakalimeza lango kuu la mbuga na nyumba za watu, na miti iliyokufa ikiwa imesimama katikati ya maji. Mtu wa mandhari katika Nippon Animation angelia kwa furaha kupewa kazi ya kuchora hayo. Kuiga kwa mwanafunzi ni halali, hata Tezuka alimwiga Disney; ila hao ninaowapenda wamekwisha kupita umri wa wanafunzi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja lenye haraka, nikiwaita wanangu kwa umri na mafundi kwa stahili yao. Mtu aliyekuwa askari wa wanyama mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka ishirini, leo amepita themanini. Wapo wazee wa namna hiyo Gilgil, wapo Naivasha, wapo katika vijiji vya Elmenteita na Lanet, wameketi barazani na hawaulizwi kitu. Fanyeni kama Takahata alivyofanya Uswisi: nendeni na daftari mbili, moja ya kuandika na moja ya kuchora, muwasalimu kwa adabu, mwaulize mshahara ulikuwa shilingi ngapi kwa mwezi, walikula nini doria ilipochukua siku nyingi, walilala wapi mvua iliponyesha, ni mnyama gani waliyemwogopa na yupi waliyemwonea huruma, bwana nyama aliwaita kwa jina gani na mama zao waliwaita kwa jina gani, na siku alipoondoka aliwaachia nini. Mkikosa cha kuanza kuchora, waombeni wawaonyeshe, au wawaelezee, viatu walivyopewa kazini, na mahali vilipopasuka kwanza.